Hadithi ya Mchana

Bi Mwanawema wa Jadida hakujaaliwa mtoto hata mmoja, na ndiyo maana mtaa mzima ulimletea wa kwake. Msimu wa karafuu ukifika, akina mama wanaokwenda kuchuma walimshushia watoto alfajiri kama mizigo bandarini Mkoani: huyu anakohoa, huyu hali ndizi, huyu anauma. Wanaume waliobaki barazani hawakuulizwa. Mmanga, ambaye kazi yake ni kukaa pale na kueleza serikali ingepaswa kuendeshwa vipi, aliombwa siku moja amshike mtoto ili Bi Mwanawema akachote maji. Alimshika kwa mikono iliyonyooka, kama mtu aliyepewa pweza mbichi, na kuanza kupiga kelele: "Bi Mwanawema! Njoo! Kinalowa!"

Yeye alikuwa na njia zake. Alichonga magari ya makumbi, akafanya vifuu kuwa vyungu vya kupikia mchanga. Alicheza kibe, ingawa mwili ule haukuwa wa kufichika. Alikuwa akisimama nyuma ya pazia, nusu yake ikibaki ukumbini, na watoto wakipita mbele yake wakiulizana kwa sauti, "Jamani, Bi yuko wapi?" Hata mtoto wa Jadida ana adabu. Walipokuja wataalamu kutoka Unguja na semina ya malezi, wakamfundisha kwamba mtoto hujifunza kwa kucheza. Alishukuru, akala sambusa, akarudi nyumbani kucheza.

Kitu kimoja tu hakukifanya. Hakutoa hadithi mchana. Kwetu hadithi ni za usiku. Tangu wadogo tunaambiwa ikitolewa mchana, mama hupotea. Apotelee wapi, hatuambiwi. Nawajua walimu wenye shahada zao wanaolicheka jambo hilo, na wote husubiri iswaliwe Isha ndipo waanze kusimulia.

Siku moja mvua ilinyesha tangu asubuhi. Rahma, jirani wa nyumba ya tatu, alishikwa na uchungu, na gari la kukodi lilipokuwa likimsubiri alimleta mwanawe Hudhaifa, akiwa ameegemea ukuta kwa mkono mmoja.

"Bi, nishikie huyu. Nikirudi nakuja na mdogo wake."

"Nenda salama, mwanangu. Huyu keshakuwa wangu."

Hudhaifa alikuwa hajaanza hata darasa la kwanza. Alisimama mlangoni akalia. Akakataa kibe, akakataa chapati, akakataa gari la makumbi ambalo siku nyingine angelipigania. Kilio kikawaambukiza wenzake, nyumba ikawa kama ina msiba.

"Nataka hadithi," akasema mwishowe. "Nikilia mama hunitolea hadithi."

"Hadithi za usiku, baba."

Mtoto akafikiri. "Basi funga madirisha, uwe usiku."

Bi Mwanawema akacheka. Kisha akamtazama yule mtoto na kamasi zake, akajiuliza anamwogopea nani. Mama yake mwenyewe kazikwa miaka mingi. Alijiona hana tena wa kupotea. Mama za wengine hakuwafikiria. Akafunga madirisha, akawasha taa, akashusha na pazia la mlango. Watoto wakapiga miayo ili usiku ukamilike.

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Akawapa ya kuku aliyetoka Kiuyu kwenda Mkoani kununua meno, akakuta madukani yamebaki ya ng'ombe tu. Kuku akayavaa. Hudhaifa alicheka mpaka akaanguka chali mkekani. Kuku alikuwa bado njiani kurudi, kinywa hakifungiki, mlango ulipogongwa.

Alikuwa Bi Kazija, mama mkwe wa Rahma, amelowa kanga na uso. Mlango ulipofunguliwa, mchana wote ukaingia.

"Ntoto kapatikana," akasema. "Wa kike. Mama yake katangulia."

Mtoto mmoja mdogo akaona anasaidia: "Bi alikuwa akitutolea hadithi."

Bi Kazija akatazama taa. Akatazama madirisha.

Kwenye hitima shehe alisema kila mtu na siku yake iliyoandikwa. Tukaitikia "Naam, shehe," tukala wali. Kesho yake watoto wote wakapelekwa kwa mwanamke mwingine, mwenye televisheni. Hakuna aliyemgombeza Bi Mwanawema. Walimwambia tu kwa upole kwamba lazima amechoka, apumzike.

Nalo hilo angelibeba. Ila jioni moja Bi Kazija alimfuata kwa mlango wa uani.

"Hudhaifa hali. Hasemi, halii. Jana kaniambia yeye ndiye aliyempoteza mama yake. N'memwambia ni Mungu. Ananambia, 'Mungu hakutaka hadithi. Niliyetaka ni mimi.' Mwanawema, miye sina la kumjibu."

Bi Mwanawema akaenda naye. Mtoto alikuwa chini ya kitanda. Chumba cha pili kichanga kililia. Bi Mwanawema akakaa sakafuni kwa taabu.

"Hadithi haiui mtu, baba. Kuku wa kweli hata meno hana, atamuuma nani?"

Sauti ikatoka kizani: "Ningekula chapati nikanyamaza, angerudi?"

"Asingerudi."

"Mbona amekufa?"

Hapo shehe alikuwa na jibu, na daktari alikuwa na jibu, na yote mawili mtoto alikwishayasikia. Bi Mwanawema alikaa akivuta uzi wa mkeka. Alikuwa amelea watoto wa kutosha kujua kwamba huyu hatakubali kuwa hakuna aliyefanya. Atamtafuta aliyefanya, na chini ya kitanda kile alikuwamo mmoja tu.

"Hudhaifa. Aliyetoa hadithi nani?"

"Weye."

"Aliyefunga madirisha?"

"Weye. Lakini miye nilikwambia."

"Ulinambia. Na mkubwa mle ndani alikuwa nani?"

"Weye."

"Mtoto kazi yake kuomba. Mkubwa ndiye anayekataa. Nilijua ni mchana, na sikukataa. Basi ni miye. Si weye."

"Mwanawema!" Bi Kazija alikuwa mlangoni. "Usiseme hivyo, majirani wanasikia."

"Waache wasikie. Na asikie na yeye."

Hudhaifa akatoka, vumbi kichwani. Akamtazama, kisha akampiga. Akampiga tumboni, begani, mapajani, kwa ngumi zote mbili, na Bi Mwanawema hakumshika mikono. Alipochoka akaangua kilio, cha kwanza tangu siku ile, akamkimbilia bibi yake. Baadaye akaomba uji. Aliunywa wote, amempa Bi Mwanawema mgongo.

Habari zilifika barazani kabla hajafika kwake. "Kakiri mwenyewe!" alisema Mmanga, kama mtu aliyeshinda kesi, na wanaume wazima wakatikisa vichwa mchana kweupe.

Hudhaifa sasa anakula, anacheka, anapiga mpira uchochoroni na wenziwe. Akimwona Bi Mwanawema anakuja hubeba mpira na kuingia ndani, na mchezo unaishia hapo. Kwa hiyo Bi Mwanawema akienda sokoni hupita nyuma ya nyumba, njia ndefu, yenye matope, viatu mkononi.