Ndoo ya Mama

Juzi, mtaani Nshambya, nilisikia rejeta ya lori ikifoka mvuke, nikakumbuka karakana ya kijiji chetu cha ujamaa kule Muleba. Baba na baba mdogo waliyeyusha vyuma chakavu kwenye tanuru lililopozwa kwa bomba la maji. Mchana ule ulionuka kutu na kahawa mbichi, maji yalikatika na bomba likawa jekundu.

“Tokeni!” Baba alipaza sauti mlangoni.

“Kaka unaogopa moto kama mtoto!” Baba mdogo alicheka, akaninyooshea mkono nimpe ndoo ya maji niliyoishika.

“Usimpe maji!”

Nilidhani Baba anayaonea uchungu maji aliyoyabeba Mama kutoka chemchemini. Sasa najua maji baridi hugeuka mvuke na kulipuka ndani ya bomba jekundu kama lile, na ndivyo yalivyomuua baba mdogo. Siku ile nilimpa ndoo, nikamtuliza Baba:

“Nitachota mengine, Tata.”