Dumu la Pombe Lililokwenda Dodoma kwa Basi

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri na msicheke kabla hamjafika mwisho. Najua mmezoea kutuma kila kitu kwa basi. Mnatuma viatu, dagaa, simu mbovu, hata kuku mzima ndani ya boksi lenye matundu. Mimi nilituma pombe. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo naandika kama ninavyosema.

Mwanangu wa mwisho ni mtumishi wa serikali, yuko Dodoma. Mwaka jana mkewe alijifungua mapacha, tena kwa upasuaji. Sisi Wasukuma mapacha tunawaita mabasa, na katika ukoo wa mume wangu hawapokelewi kimya kimya. Lazima pombe ya mtama itoke nyumbani kwa baba yao, wazazi waionje, watoto wapakwe kidogo kwenye paji la uso. Katekista wetu analijua jambo hili na hajawahi kunikemea. Mwanangu aliponipigia kunipa habari, nikamwambia pombe inakuja.

"Mama, usijisumbue," akasema. "Huku bia ziko za kila aina. Nitanunua kreti."

"Hiyo bia inamjua baba yako?"

Akasema ataisubiri. Baba yake ni marehemu, na yeye ndiye amefanana naye kuliko wote.

Kwenda mwenyewe sikuweza. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umevimba, na mtu mwenye mguu kama ule hakai kwenye gari kutwa nzima. Ninaishi hapa Ngulyati na wajukuu na wifi yangu, dada wa mume wangu, na yeye ndiye mpika pombe wa ukoo. Aliotesha mtama, akausaga, akapika uji, akatia kimea, akaacha ichachuke. Ilipofika pale anapopapenda, akajaza dumu la lita kumi, akaziba mdomo wake kwa gunzi la muhindi alilolizungushia majani makavu. Ndivyo tunavyoziba pombe tangu nikiwa msichana. Gunzi linazuia pombe isimwagike, ila pumzi yake linaiacha ipite.

Alfajiri tukakodi bajaji mpaka stendi ya Bariadi. Karani wa vifurushi alikuwa kijana mgeni, kaletwa kutoka mkoa mwingine. Nikamsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka." Akanijibu, "Shikamoo bibi." Tukaelewana.

"Ndani kuna nini?"

"Pombe."

"Kama ni gongo sipokei."

"Mimi nipike gongo? Ni ya mtama. Onja."

"Niko kazini, bibi."

"Basi nusa."

Akanusa. Nikaona koo linacheza.

Halafu akaanza mambo ya bei. Mzigo mkavu, akasema, unapimwa kwa kilo. Mzigo wa maji una bei yake. Lakini mzigo wa maji wenye mdomo wazi kama huu unalipiwa mara mbili, maana ukimwagikia begi la abiria, yeye karani ndiye anayekatwa mshahara.

Ile bei ya kawaida peke yake ilikuwa imeshaipita thamani ya pombe yenyewe. Mtama ulitoka shambani, kuni tuliokota.

"Kwa mara mbili hiyo," nikamwambia, "si bora nilikatie dumu tiketi likae kitini?"

"Na soda ya njiani ulinunulie," wifi akadakia.

Karani akacheka, akainama chini ya meza, akatoa kifuniko chekundu cha kuzungusha. "Bibi, njia ipo. Tunafunga na hiki, tunazungushia selotepu. Hapo unakuwa mzigo wa maji wa kawaida, sawa na mafuta ya kula."

Gunzi akalitupa nje. Akakaza kifuniko kwa mikono yote miwili, akazungusha selotepu mpaka mdomo wa dumu ukawa kama kichwa cha mtu aliyefungwa bandeji. Nikalipa. Wifi aliangalia kazi ile bila kupepesa, akalipindua dumu kichwa chini kulijaribu. Halikutoa hata tone.

"Watu wa mjini wana akili," akasema. Na kabla hatujarudi akanunua selotepu yake dukani.

Nyumbani kulikuwa na pombe iliyobaki. Wifi akaitia kwenye dumu dogo, akaifunga kwa akili ile ile ya mjini ili nzi wasiingie, akaiweka jikoni. Mimi nikakaa uani kuchambua pamba. Jua lilikuwa limeshakuwa kali niliposikia mlio. Nilidhani ni bunduki. Kuku wote walirukia nyuma ya nyumba. Nikaacha pamba, nikakimbia na mguu wangu ule ule mbovu.

Wifi alikuwa amesimama katikati ya jiko, kilemba kimelowa, povu linamdondokea kutoka kwenye bati. Bati lenyewe lilikuwa limebonyea.

"Lilikuwa limevimba," akasema. "Nikagusa tu kifuniko. Nimezungusha nusu."

Hili lilikuwa dumu dogo, lililokaa kivulini, halijatikiswa na mtu. Lile kubwa lilikuwa ndani ya buti la basi, kwenye joto, linarushwa barabarani tangu asubuhi.

Na litafunguliwa na mwanangu. Mwanangu tangu utoto hali kitu kabla hajakinusa. Nilimwona wazi kabisa: kaliweka dumu mezani, mkewe yuko kitandani na mshono wake, watoto wako pembeni, na yeye ameinamisha uso juu ya kile kifuniko chekundu.

Nikampigia simu. Imezimwa. Nikapiga tena, imezimwa. Siku hiyo walikuwa na kikao cha ofisi, lakini mimi sikujua, nilijua tu imezimwa. Nikampigia mkamwana wangu, ikaita mpaka ikakata. Nikachukua risiti, nikampigia karani.

"Gari limeshapita Shinyanga, bibi. Mzigo wako uko salama, nimeufunga mwenyewe."

"Hilo ndilo linalonitisha."

Akanipa namba ya kondakta. Huyu alipokea katikati ya muziki na kelele za abiria.

"Mimi ni bibi wa dumu la Bariadi, lenye kifuniko chekundu. Ndani ni pombe. Linavimba, litapasuka."

"Bibi, humu nimebeba asali, maziwa, na mganga mmoja na vibuyu vyake. Hakuna kilichopasuka."

Nikasikia watu wanacheka. Mmoja akapaza sauti, "Mwambie atupunguzie sisi lisipasuke!"

"Wewe mtoto, nisikilize," nikasema. "La kwangu limepasuka sasa hivi jikoni, limebonyeza bati. Simamisha gari. Litoe. Lifungue kidogo kidogo, uso uweke mbali."

Muziki ukapunguzwa. "Mzigo wa mteja hatufungui, bibi. Ni kosa kazini."

"Mteja ni mimi. Nimesema fungua."

"Tukifika Singida kula, nitaliangalia."

"Uso uweke mbali," nikarudia. Simu ikakata, na sikujua kama lile neno la mwisho lilimfika.

Nimezika mume. Nimelala porini na ng'ombe nikiwa mtoto, fisi wanalia karibu. Lakini hofu ya mchana ule ilikuwa ya namna nyingine, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kushika. Ugali ulipoa mpaka ukaota ngozi. Wifi alifagia jiko lisilokuwa na taka. Kila simu ilipolia niliidaka, kumbe ni ujumbe wa vocha. Nikataka kusali nikashindwa, maana sikujua niombee macho ya nani. Nilikuwa nimemwondolea mwanangu hatari nikamkabidhi mtoto wa mwanamke mwingine, hata sura yake siijui. Mama yake, popote alipo, alikuwa anafanya kazi zake bila kujua kwamba kuna bibi Bariadi amemwagiza mwanawe afungue dumu.

Mwanangu alipiga wa kwanza, kikao kimeisha. Nikamwambia asiliguse dumu mpaka nimwambie, na asiniulize. Hakuniuliza.

Kisha kondakta akapiga. Sauti yake haikuwa ile ya kwanza. Alikuwa anaongea polepole.

"Bibi, nimefungua."

"Umeumia?"

"Kifuniko kimenipiga hapa, juu ya jicho. Lilikuwa limevimba kama mbuzi mwenye mimba. Nimegusa tu."

"Jicho linaona?"

"Limejifumba. Sijui."

"Sema tena. Linaona au halioni?"

"Bibi, sijui."

Mtandao ukaondoka. Nikapiga, haipatikani. Wifi alikuwa amekaa chini karibu yangu, akaniuliza kasemaje. Nikatikisa kichwa tu, naye akajifunika uso kwa kanga. Tulikaa hivyo mpaka mbuzi wakarudi wenyewe malishoni, na hakuna aliyeinuka kuwafungia.

Jua lilikuwa limezama mwanangu alipopiga kutoka stendi ya Dodoma. Alikuwa amekwenda kulisubiri basi. Nikamwambia kabla hajasalimia, "Kondakta yuko wapi? Nipe."

"Bibi, shikamoo," kondakta akasema.

"Jicho!"

"Linaona. Kulikuwa na nesi kati ya abiria, amenisafisha, amenikandakanda. Uvimbe uko kwenye nyusi. Naona vidole vitatu vya mwanao hapa."

"Mwanangu ana vitano."

"Amevikunja, bibi, ananipima."

Akacheka, nami nikakaa juu ya kinu.

Mengine alinieleza mwanangu. Kondakta alikuwa ameloa pombe kuanzia kifuani mpaka viatuni, na basi zima lilinuka. Trafiki wakalisimamisha mbele ya Singida, wakanusa, wakamshusha dereva apulize kipimo cha ulevi. Dereva hajawahi kuonja pombe maishani. Abiria wakawa wanamwimbia dirishani, "Puliza baba, bibi kakutuma!" Gari likachelewa. Mabegi mawili yakalowa, na wenyewe walimsubiri mwanangu hapo hapo stendi wafidiwe. Akawafidia. Ukijumlisha nauli ya dumu, mabegi, na shati la kondakta, angeweza kunileta mimi Dodoma na kunirudisha. Lakini nyusi ya kijana wa watu haina bei ya kujumlisha.

Ndani ya dumu pombe ilibaki kidogo chini. Ilitosha. Wazazi walionja, watoto wakapakwa, mkamwana akanipigia kunishukuru. Nilimwitikia tu. Bado nilikuwa nasikia ile sauti inayosema, "Sijui."

Asubuhi yake nikawaita wote wa nyumba hii, wifi na wajukuu wakubwa, wakakaa mbele yangu uani. Nikawaambia: "Kesho basi lile linarudi Bariadi. Mkamateni jogoo mkubwa, mwende stendi mapema. Yule kijana akishuka, mpeni jogoo mkononi mwake, mmwombe radhi kwa jina langu, mliangalie jicho lake kwa macho yenu wenyewe, ndipo mrudi mniambie. Msithubutu kumwachia karani."