Vitabu Vinne vya Dagrún

Haya yote ni kweli tupu. Mwandishi yuko tayari kuapa mbele ya kasisi, kichwa wazi, katika upepo wa huku kijijini kwetu Kaldvík, ule uliombeba kondoo wa mtu mwezi wa Januari ukamrudisha Machi akiwa tayari amenyolewa.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nje ni giza totoro. Dagrún Hallvarðsdóttir, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, anafungua bwawa la kuogelea la kijiji. Anaondoa theluji mlangoni kwa koleo, anachovya mkono kwenye beseni kubwa la maji moto wanamokaa wazee, kupima joto, kisha anatega sikio kwenye mlango wa bafu la wanaume.

"Eyvindur! Sijasikia maji yakimwagika. Rudi ukajisugue!"

"Nimeoga nyumbani, dada!"

"Nyumbani kwako bafu limejaa nyavu. Hata chawa hawapati pa kuoga. Rudi!"

Wazee waliokwisha kuingia kwenye beseni wanaangua kicheko, mvuke ukiwafunika hadi masikioni. Mmoja anauliza, kama anavyouliza kila siku, "Mgongo unaendeleaje, Dagrún?"

"Unaendelea," anajibu, na kugeuka.

Mgongo wa Dagrún ni mzima kabisa. Anachougua ni sonona, tangu miaka sita iliyopita. Ikimshukia, hulala akiutazama ukuta, nguo zile zile, simu imezimwa. Ufunguo wa bwawa hupewa mtu mwingine na kijiji huambiwa kwamba ni mgongo. Msimu wa baridi uliopita alifanya kazi wiki tisa tu kati ya ishirini.

"Mgongo watu wanauelewa," anasema. "Ukisema mgongo, unashauriwa dawa ya kuchua. Ukisema kichwa, mama anamvuta mwanawe mkono mkipishana njiani."

Siri hiyo aliilinda kuliko nyumba yake. Alijifunza hata kuinuka kwenye kiti huku akijishika kiuno na kuguna. Aliamini kwamba siku watakapojua, hakuna atakayemkabidhi tena maji wanamoogelea watoto wa watu.

Ndipo ikaja Krismasi.

Huku, zawadi ya mkesha ni kitabu. Watu wanakula, wanafungua vifurushi, halafu kila mtu anajitupa kitandani na kitabu chake na chokoleti, nyumba inanyamaza. Dagrún anaishi peke yake. Mezani alikuwa na vifurushi vinne: cha kaka yake Eyvindur, cha kasisi, cha mwalimu wa kwaya, na cha jirani mmoja.

Alianza na cha kaka. Zilikuwa kumbukumbu za daktari wa meno wa Reykjavík, mwanamke aliyeishi na sonona nusu ya umri wake.

"Nikajisemea, Eyvindur huyu kachukua cha kwanza alichokiona dukani. Yeye anasoma bei za samaki tu." Akafungua cha kasisi. Kitabu kile kile. Cha mwalimu wa kwaya, kile kile. "Cha nne sikukifungua. Nilikipapasa tu juu ya karatasi. Unene ule ule."

Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake aliyewaza kumpa kitabu hicho, na kila mmoja aliona kitabu kitasema kile ambacho mdomo wake hauwezi.

Alikisoma. Mle ndani daktari yule anamaliza wiki nzima akikitazama kikombe kimoja kichafu. Anawadanganya wagonjwa wake kwamba ana mafua. Anajificha chooni anaposikia hatua za mtu ngazini.

"Nilijiona mwenyewe kila ukurasa," anasema Dagrún. "Watu husema ukijua hauko peke yako, mzigo unapungua. Wangu uliongezeka. Yule amepona kiasi cha kuandika kitabu. Mimi hata kadi ya Krismasi inanishinda kuimaliza."

Baada ya sikukuu alivipeleka vitatu dukani. Vitabu vya Krismasi hubandikwa kibandiko ili aliyepata viwili abadilishe kimoja, na Januari foleni huwa ndefu. Snæbjörn, mwenye duka, alivitazama vikiwa vimepangwa kaunta, masikio yakamwiva.

"Hiki kimeuzika sana mwaka huu," alisema.

"Umewauzia kina nani?"

"Aa, Dagrún… watu tu."

"Kwa hiyo mlijua."

"Hapa hata paka akikohoa tunajua, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Mgongo gani huo unaomzuia mtu hata kufungua pazia?"

Foleni nzima ilikuwa ikisoma maandishi ya pakiti za biskuti. Dagrún akauliza: "Na hakuna hata mmoja aliyebisha hodi?"

"Hatukutaka kukusumbua," alisema Snæbjörn.

Aliondoka na vitabu vyake vyote.

"Miaka sita nilijua nateseka peke yangu kwa sababu hawajui," anasema. "Hiyo niliiweza. Sasa nalala pale ukutani nikijua wanapita dirishani, wanajua, wanaongeza mwendo. Niambie, hiyo naiwezaje?"

Daktari wa zamu huja kijijini mara moja kwa mwezi, barabara ikiruhusu, na barabara haina huruma. Dawa anazo. Kila jioni huanza kuiogopa asubuhi. Akiulizwa anatumaini nini, anajikung'uta kwanza theluji mabegani.

"Mtu mmoja," anasema. "Aje mikono mitupu. Akae. Asiseme kitu, akitaka. Mpango wangu ni huo tu."

Mwandishi alimsomea rasimu hii pale pale walipozungumzia, kwenye kizingiti cha nyumba yake, upepo ukiwapiga. Alisikiliza hadi mwisho.

"Umeandika 'jirani mmoja'," alisema. "Jirani gani huyo?"

"Ah, mzee fulani. Mtu mwema sana, nasikia."

"Kaldvík nzima ni wewe tu unayefunga zawadi kwa mshipi wa kuvulia. Nimeukata kwa kisu cha mkate jana, nilipokifungua cha nne."

Mwandishi alikohoa. Akaanza kusema kwamba hakutaka kumsu…

"Lipa deni lako, mzee. Ingia ukae," alisema Dagrún, na kuusukuma mlango ukafunguka wote.

Mwandishi aliinama, akavua viatu, akaingia.