Bernie Akibaki na Mashine, Timu Inashinda

Saa nne asubuhi, Bernadette Sokolik anakunja taulo. Akimaliza anazikunjua, anazikunja tena. Nje ya chumba cha kufulia cha Chuo cha Tamsen, Pennsylvania, bendi inajaribu matarumbeta na mashabiki wameshaanza kuchoma soseji kwenye maegesho ya magari.

"Mikono haitaki kutulia," anasema. "Leo ndiyo mwisho. Mwanangu anamaliza chuo, hachezi tena baada ya leo."

Mwanawe ni Garrett, jezi namba sabini na moja, mmoja wa yale mabonge ya mstari wa mbele ambayo mpira hayaugusi, kazi yao ni kumlinda mrushaji asiangushwe. Bernie, kama wote wanavyomwita, ndiye anayefua jezi za timu nzima ya futiboli ya Kimarekani, kwa dola kumi na tano kwa saa.

Kazi haimsumbui. Kinachomsumbua ni kwamba timu inashinda.

Kwa misimu mitatu Tamsen ilipigwa mfululizo, mpaka wapinzani wakawa wanakuja hapa kama watu wanaokwenda harusini. Bernie alikuwa jukwaani kila mechi. Kisha mwezi uliopita mashine moja ikavuja, akabaki ndani kudeki maji. Timu ikashinda. Mechi iliyofuata nahodha akamwomba abaki tena, kwa utani tu. Wakashinda. Utani ukaishia hapo. Tangu siku hiyo hawajapoteza, na ugenini hata kwenye basi hapandishwi.

Usicheke. Katika mji huu ushindi ukianza kufuatana, hakuna anayethubutu kubadili kitu. Kocha Whitlow anavaa soksi zilezile kila mechi, na Bernie amekatazwa kuzigusa. Marehemu mumewe, aliyeshabikia timu ya kulipwa ya jijini, alikuwa hanyoi ndevu mpaka timu ifungwe.

"Mwaka mmoja tulifika Krismasi watoto wa jirani wanamwomba zawadi, wakidhani ni Baba Krismasi," Bernie anasema, kisha kicheko kinamkatika. "Lakini Garrett! Jana kaniambia, 'Mama, baki tu humo, tafadhali.' Mwanangu wa kumzaa!"

Saa saba mchana mechi inaanza. Bernie anasikiliza redio ya chuo, akitembea toka mashine hii hadi ile. Hadi mapumziko Tamsen inaongoza kwa pointi mbili. Yoder, bawabu wa uwanja, anachungulia mlangoni.

"Bi Bernie, upo?"

"Nipo. Ulidhani nimeyeyuka na sabuni?"

"Nahakikisha tu. Usije ukatuharibia."

Neno hilo linamchoma Bernie. Anaketi, anainuka, anaketi tena. Robo ya mwisho mtangazaji anasema namba sabini na moja yuko chini. Kisha anasema ameinuka, anachechemea, amekataa kutoka.

Bernie anazima redio na kutoka na aproni yake.

"Wewe Bernie! Rudi ndani!" Yoder anapiga kelele.

"Kafue wewe!"

Anasimama kwenye uzio, na jukwaa zima linamgeukia. "Jamani, nani kamtoa huyu?" mwanamke mmoja anauliza, karibu kulia. Bernie anamtazama Garrett tu. Anamwona akimbwaga mtu mmoja, halafu mwingine.

Sekunde za mwisho, Tamsen bado ikiongoza kwa mbili, wapinzani wanaupiga mpira katikati ya milingoti. Pointi tatu. Tamsen imepoteza kwa moja.

"Hongera, Bernie," sauti inasema nyuma yake. Mwingine anatema mate.

Bernie haondoki. "Msimu ujao naanza jukwaani tangu mechi ya kwanza," anasema, akishika uzio kwa mikono miwili. "Anayeniona mkosi, jezi yake afue mwenyewe." Halafu, kwa sauti ndogo: "Sijui Garrett atasema nini."

Garrett anakuja akichechemea, tope mpaka masikioni. Anavua kofia yake ngumu ya mchezo. Amelia, na hajali nani anaona.

"Mama. Umeona nilivyowalaza wale?"

"Nimeona. Wawili."

"Watatu," anasema Garrett. "Mmoja nilimlaza ukiwa bado ndani. Nisamehe."