Vumbi la Chini ya Mnazi

Kwa miaka mingi, Kinondo na Mwabungo ikitajwa habari ya kupima udongo, nilitajwa mimi. Nilikwenda na kijiko na mifuko yangu, nikapeleka udongo maabara Mombasa, na watu wakangoja majibu wiki tatu huku wakiniuliza kila nipitapo. Sikatai, nilipenda kuulizwa.

Kisha ofisi yetu ikaleta kipimio cha mkononi, umbo lake kama bastola. Wewe wakigusisha chini, wabonyeza, na punde si punde chakuandikia ni madini gani yenye sumu yaliyomo na ni kiasi gani. Sikupewa mimi. Alipewa binti mmoja wa bara, aliyeajiriwa juzi juzi. Kipya kinyemi ingawa kidonda: watoto walimfuata, wazee wakamtolea viti, nami nikawa mbeba mkoba. Nilimwonea kijicho hata chakula kikawa hakinipiti.

Siku moja tulikwenda Mwabungo kwa mwanamke tuliyezoeana kama ndugu. Mumewe huyeyusha betri kuukuu za magari pale uani, apate madini ya risasi ya kusubu chubwi, vile vizito vya kuzamishia nyavu. Mtoto wao wa mwaka mmoja alikuwa akitambaa uani humo humo na kutia mchanga kinywani. Mama alitaka kujua jambo moja tu: mtoto yu salama?

Lakini alikuwa anatarajia wageni, ndio sisi. Basi asubuhi alifanya kama tufanyavyo sote: alinyunyiza maji, akafagia ua mzima, na vumbi lote la juu akalimwaga chini ya mnazi. Binti hakulijua hilo. Alipima palipofagiwa, tena pabichi bado, na kwa kuwa unyevu hukidanganya kipimio, kikasoma kidogo sana.

"Hapa ni sawa kabisa, mama. Usiwe na wasiwasi," akasema.

Mimi nililiona lile rundo chini ya mnazi, na nilijua maana yake: sumu ilifagiliwa pale. Lilihitajika neno moja tu. Badala ya kulisema, nilingoja waingie ndani kunywa chai, nikazoa vijiko viwili vya vumbi, nikaandika tarehe juu ya mfuko, nikaupeleka Mombasa. Nilitaka aaibike kwa maandishi.

Wiki tatu zile nililala vizuri. Hilo ndilo linalonitia haya zaidi.

Karatasi ilipokuja, risasi ilikuwa nyingi mno. Niliiweka mezani kwa yule binti, nikasimama niutazame uso wake. Aliisoma mara mbili, akainuka, akaita gari. Kule Mwabungo alipiga magoti mbele ya yule mama.

"Nisamehe, nilikosea. Twende hospitali ya Msambweni sasa hivi, mtoto apimwe damu."

Mimi nilikuwa nimekaa mkekani, mtoto mapajani kama kawaida yetu, nikingoja kushukuriwa. Mama aliichukua karatasi, akaisoma polepole kwa kidole, na kidole kikasimama penye tarehe.

"Dada, udongo huu uliuzoa siku ile ile?"

"Siku ile ile."

"Nawe ulikuwa wajua?"

Aliinama, akamtoa mtoto mapajani mwangu, akampa yule binti ambebe mpaka garini.