Swali la Mwandishi Mgeni

Mwandishi wa michezo ambaye gazeti lake limemhamishia kwetu kutoka kwa mabingwa wa ligi huandika kwa penseli tu, maana wino, anasema, hauvumilii mvua. Mimi ni mpiga picha wa timu, nimemtazama msimu mzima. Sauti yake imekwaruzika kwa miaka ya kushindana na kelele za mashabiki. Mazoezini hufika kabla ya wachezaji, akasimama nyuma ya goli akihesabu pasi kwa midomo. Kocha wetu hakumtaka kabisa. Kila akiulizwa naye swali alimkatiza, "Dada, nenda kawaulize mabingwa wako." Naye hujibu, "Haya, kocha," na kesho yake yupo.

Jumamosi mabingwa wenyewe wakaja, tukawalaza bao moja kwa bila, la kona fupi, dakika ya mwisho. Chumba cha waandishi kikafurika, na kila mtu akauliza mabingwa wamekosea wapi. Yeye akanyoosha mkono. "Kocha, kona ile mliijaribu Alhamisi mara arobaini na moja, na zote zikawakatalia. Leo mmethubutuje kuipiga?" Kocha akamkodolea macho, kisha akaangua kicheko hadi machozi yakamtoka. "Nyie wengine mmekuja kuandika msiba wa mabingwa," akasema. "Dada yetu huyu amekuja kuandika ushindi wetu. Mpisheni akae mbele!" Wakampisha. Akapita kifua mbele, akaketi, akatabasamu meno yote nje.

"Asante, kocha," akasema. "Sasa jibu swali."