Magoti Yaliyokataa Kusalimia

Jumapili. Mvua ya asubuhi ilikatika, mchana jua likachoma. Wametandika nyasi mbichi sebuleni, na harufu yake imenirudisha Kamachumu, zama za Mwingereza. Sina hakika kama nakumbuka yote sawasawa, msomaji wangu. Elimu yangu ni ya darasa la nne.

Kwetu msichana husalimia wakubwa amepiga magoti juu ya nyasi hizo. Mwaka mmoja wa utoto wangu nilikuwa mtu wa mbio: shuleni mbio, kisimani mbio. Pia za magoti zikaanza kuuma kwa ndani. Kupanda kilima nilivumilia, ila kushuka na mtungi kulinitoa machozi. Sikumwambia mtu.

Basi akaja shangazi kutoka Kishanda, dada mkubwa wa baba. Nikamsalimia nimesimama, nimeinama tu.

“Ee! Ndiyo shule hiyo? Mtoto ananisalimia kama mgomba! Mtoe huko, akajifunze adabu shambani.”

Kwa haki hakukosea, alisema alichokiona. Nikamtazama baba, nikaogopa, maana neno la shangazi halikupingwa. Nikajaribu kupiga magoti, nikapiga yowe, nikaanguka kiubavu.

Shangazi akauvuta mguu wangu, akabonyeza. “Hapa?”

“Hapo, waitu,” nikajibu kwa neno letu la heshima.

Baba, aliyejifunza Kiswahili bandarini Bukoba, akasema kwa lugha hiyo, “Dada, huyu hapigi magoti. Magoti ndiyo yanampiga.”

Shangazi alicheka hadi akajifuta machozi. Habari ya kunitoa shule ikaishia hapo.

Dresa wa zahanati alisema mfupa ni mzima. Nisishinde kitandani, ila nipunguze mbio na miteremko, na nikaze mapaja kwa kuinua mguu ulionyooka. Shangazi akabaki kwetu kunisimamia. “Inua! Mguu huo, au mkungu wa ndizi?” Nafuu ilikuja polepole, tena kwa kusuasua.

Wageni walipoingia, aliniketisha ubavuni pake, miguu nimeinyoosha. “Huyu anasalimia hivi kwa ruhusa yangu,” aliwaambia. Mimi nilidhani ananichunga nisitoroke kwenda kucheza.

Nilielewa nilipokuwa na mabinti zangu. Masengenyo ya kutopiga magoti yangekuwa yangu, naye akayaita yamfuate yeye. Kishanda walisema amezeeka, adabu imemtoka. Na sijaona mtu aliyeipenda adabu kama yeye.

Jioni tumekula ndizi kwa maharage, na senene wachache waliosalia.